Kutoka ‘nitasema’ hadi ‘ningalisema’

Juni 1915 ulikuwa mwezi wa ajabu kwa kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Uingereza. Jarida la Poetry la Chicago lilitoa toleo lililobeba, katika kurasa zake za nyuma, shairi lake kubwa la kwanza: shairi la mwanamume anayeshindwa kufungua mdomo mbele ya mwanamke. Tarehe 26 ya mwezi huohuo, mtunzi wa shairi aliingia katika ofisi ya msajili wa ndoa huko Hampstead, London, akamwoa Vivienne Haigh-Wood, mwanamke waliyejuana kwa miezi michache tu. Wazazi wake ng’ambo ya bahari walipata habari mambo yakiwa yamekwisha.

Kijana huyo ni T. S. Eliot, na shairi ni The Love Song of J. Alfred Prufrock. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado linasomwa vyuoni, linatajwa katika sinema, na walimu wa fasihi wanalitumia kuwafafanulia wanafunzi usasa ni nini. Mara nyingi, hata hivyo, linageuzwa kuwa mahubiri. Mtazameni Prufrock, wanafunzi huambiwa: alisitasita, akasitasita, mpaka nywele zikamwisha na maisha yakampita. Ninyi msiwe kama yeye.

Katika zama ambapo kila ukumbi una mhamasishaji mwenye kipaza sauti anayewaambia vijana wathubutu, Prufrock anafaa kweli kuwa mfano mbaya. Kasoro ni kwamba shairi lenyewe halisemi hivyo. Na aliyelitunga alithubutu, tena haraka, mwezi uleule lilipochapishwa; yaliyomfika hayawezi kuwekwa kwenye bango la kuhamasisha mtu yeyote.

Kwa asiyelijua, ni shairi la mistari 131. Mwanamume wa makamo, aliyevaa nadhifu, tai yake imeshikizwa kwa pini isiyo na makuu, anajiandaa kwenda mahali ambapo kuna chai, keki, na wanawake waliosoma. Njia inapita mitaa duni yenye hoteli za bei rahisi. Ukungu wa manjano unajisugua kwenye vioo vya madirisha kama paka. Kuna swali zito anataka kuliuliza, lakini ni swali gani, msomaji haambiwi mpaka mwisho. Wengi hudhani ni uchumba. Wengine, jambo kubwa kuliko hilo, pengine maana ya kuishi kwenyewe. Swali haliulizwi. Anatafakari upara wake, anawaza kama atathubutu kula tunda bichi lenye majimaji hadharani, na shairi linaishia chini ya bahari, miongoni mwa nguva.

Mwanzoni kabisa jioni inafananishwa na mgonjwa aliyelazwa mezani akiwa amepigwa nusukaputi. Wasomaji wa 1915 waliozoea machweo ya dhahabu katika ushairi waliduwaa. Lakini kwa mtu aliyesoma Harvard, picha hiyo ilikuwa ya jirani. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, ng’ambo ya mto tu kutoka Harvard, daktari wa meno William Morton alionyesha mbele ya madaktari jinsi mvuke wa etha unavyoweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Boston ikaona fahari hata ikajenga mnara wa ukumbusho wa etha katika bustani yake ya umma. Eliot alichukua fahari hiyo ya mji akaifanya dalili ya ugonjwa wake. Mgonjwa aliyepigwa nusukaputi hana maumivu, hana uamuzi, na wote waliomzunguka wanamtazama. Hiyo ndiyo hali ya Prufrock, na imetajwa kabla yeye hajasema neno lolote kuhusu nafsi yake.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona upesi kuliko wengine, kwa sababu vitenzi vyake vinabeba nyakati waziwazi, herufi kwa herufi. Nusu ya kwanza ya shairi imejaa -ta-. Muda utakuwapo: wa kujiandaa, wa kubadili nia, wa kupanda ngazi na wa kuzishuka tena. Kisha, bila tangazo, msemaji anahamia kwenye -ngali-. Je, ingalifaa, baada ya chai na vikombe na mazungumzo, kama angalilisema? Kutoka ‘nitasema’ amefika ‘ningalisema’, na njiani hakupita kwenye ‘nasema’ wala ‘nilisema’. Tukio lenyewe limeanguka katika mwanya kati ya nyakati mbili. Jioni imekwisha, au maisha yamekwisha, na hakuna anayeweza kunyoosha kidole kwenye mstari akasema hapa ndipo alipokosea.

Katika mambo yanayomhusu yeye mwenyewe, wakati uliopita ulio wazi, ule wa -li- kavu isiyo na masharti, unajitokeza karibu mahali pamoja tu. Hapo anakiri, kwa maneno machache sana kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye, kwamba aliogopa. Ndilo tendo lake moja lililokamilika.

Halafu kuna wanawake. Wengi hulikumbuka shairi kana kwamba wanawake wale wanamcheka Prufrock. Likisomwa polepole, hakuna hata mmoja anayemcheka. Maneno kuhusu nywele zake zinazopungua na miguu yake myembamba ni maneno anayowatilia yeye mwenyewe vinywani, tena kwa wakati ujao: watasema. Yule anayeweka sawa mto wa kochi na kumkatisha kwamba hakumwelewa hata kidogo, yumo ndani ya -ngali-, hajatokea. Kitu pekee ambacho wanawake hao wanakifanya kweli, kwa wakati uliopo, ni kuingia na kutoka chumbani wakizungumza habari za Michelangelo. Wana shughuli zao. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyeona upara.

Wanasaikolojia walilifikia jambo hili kwa njia yao, miongo mingi baadaye. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza hofu ya kuwa mbele za watu katika orodha yake rasmi ya magonjwa, ikiwa na jina lake yenyewe. Mwaka 1995 David Clark na Adrian Wells walieleza namna hofu hiyo inavyojiendesha: mtu akiingia katika kundi, badala ya kuwatazama wenzake anageuza macho ndani, akajitazama kama vile anavyodhani anatazamwa, na picha hiyo ya kubuni ndiyo anayoichukua kuwa ushahidi. Anajikinga kwa hatua ndogondogo, kama kupanga nguo, kufanyia mazoezi sentensi na kusimama karibu na mlango. Jioni ikiisha anarudi nyumbani kuipitia upya neno kwa neno. Tai, pini, ngazi za kushuka, jioni inayochambuliwa baada ya kupita: vyote vimo katika shairi lililomalizika 1911.

Jaribio moja la Chuo Kikuu cha Cornell, lililochapishwa 2000 na Thomas Gilovich na wenzake, lina ucheshi ambao Prufrock angeuelewa. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, jambo ambalo kijana wa chuo wakati ule aliliona la kutia haya, kisha akaingizwa katika chumba cha wenzake. Alipotoka aliulizwa ni wangapi walioitambua picha. Waliovaa walikisia karibu nusu. Waliotambua walikuwa kama robo. Wengine walikuwa na shughuli zao.

Lakini hapa pana mtego, na wahamasishaji hutumbukia humo kwa miguu yote miwili. Ikiwa watu hawakutazami sana, basi inuka, sema! Prufrock angejibu kwamba hilo analijua. Msomi huyu anayeweza kujilinganisha na Hamlet, na Lazaro, na Yohana Mbatizaji ambaye kichwa chake kiliwekwa kwenye sinia, kisha akajivua cheo kila mara kwa kusema yeye si mkubwa kiasi hicho, hawezi kukosa kujua kwamba kikombe cha chai si mwisho wa dunia. Kujua hakumsaidii. Anajua kila kitu kuhusu nafsi yake, na kujua huko ndiko kunakomfunga. Anayedhani dawa ya hofu ya namna hii ni taarifa au kelele hajawahi kukaa na mtu mwenye hofu hiyo.

Kiswahili kina utajiri wa maneno katika eneo hili: haya, soni, aibu, fedheha, wasiwasi, kiwewe. La kwanza ni sifa. Mtu asiye na haya hasifiwi popote, kuanzia Lamu hadi Kigoma, na mzazi akisema mwanawe ana haya anajisifu. Kwa hiyo ni rahisi kumsoma Prufrock kama mtu mwenye haya kupita kiasi, muungwana aliyekosea kipimo. Usomaji huo unampendelea. Mwenye haya anawafikiria wenzake, asije akawakwaza. Prufrock anajifikiria yeye mwenyewe akifikiriwa na wenzake. Katika mistari yote ile hakuna mwanamke mwenye jina, wala mwenye uso mzima. Kuna macho yanayomchoma kama mdudu aliyetundikwa ukutani kwa pini, kuna mikono yenye bangili, kuna harufu ya manukato kutoka kwenye gauni. Hicho alichokiita wimbo wa mapenzi hakina mpenzi ndani yake.

Tena hakuwa na mshenga. Jambo hili linaonekana la mzaha lakini si la kupuuzwa. Katika jamii nyingi za Waswahili na majirani zao swali zito la ndoa habebeshwi mtu mmoja. Kuna mshenga mwenye ulimi, kuna barua ya posa, kuna wazee, na jibu la ‘hapana’ likija linatua mikononi mwa wengi. Boston ya tabaka la Eliot ilimtaka kijana asimame peke yake sebuleni, achague sekunde, achague sentensi, na aipokee fedheha yote peke yake kama itakuja. Desturi hiyo iliwatengeneza akina Prufrock kwa wingi. Mwoga ni yeye, kweli, lakini chumba kile nacho kilijengwa kwa ajili ya kuwaogofya watu.

Eliot alikijua chumba hicho. Alizaliwa 26 Septemba 1888 huko St. Louis, Missouri, akiwa kitinda mimba wa nyumba yenye dada wengi na heshima nyingi; babu yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, na baba yake aliendesha kampuni ya matofali. Alizaliwa na ngiri, kwa hiyo michezo ya kukimbizana ilimpita, akasoma vitabu. Jina la Prufrock lilikuwa likionekana mjini humohumo, kwenye duka la samani la Prufrock-Litton, ingawa Eliot alipoulizwa baadaye alisema hakumbuki kulichukua huko. Ukungu wa manjano nao, kwa maelezo yake, ulikuwa moshi wa viwanda vya St. Louis. Hata namna ya kuandika jina, J. Alfred, inafanana na saini yake ya ujanani: T. Stearns Eliot.

Alipofika Harvard mwaka 1906 aliamua kupambana na aibu yake kama mtu anayepambana na kitambi. Rafiki yake Conrad Aiken alisimulia baadaye kwamba Eliot alijilazimisha kwenda kwenye dansi na karamu, akiziona kama mazoezi, kwani mtu mwenye soni asipojitia nidhamu atakosa sehemu ya maisha. Alijiandikisha hata kwenye mafunzo ya ngumi. Picha ya mtunzi huyu mpole akirushiana makonde ili aweze kuzungumza na wasichana ni ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja.

Dawa nyingine aliipata maktabani. Desemba 1908 alisoma kitabu cha Arthur Symons kuhusu washairi wa Ufaransa, akakutana na Jules Laforgue, aliyefariki 1887 akiwa na umri wa miaka 27 tu. Laforgue alikuwa na sauti ambayo ushairi wa Kiingereza haukuwa nayo: ya mtu anayejicheka kabla hajachekwa, anayependa na kuyakejeli mapenzi yake katika pumzi moja. Eliot alijifunza sauti hiyo kama mtu anavyojifunza lafudhi. Mwaka 1910 akaenda Paris, akasikiliza mihadhara ya mwanafalsafa Henri Bergson, akafanya urafiki na Jean Verdenal, mwanafunzi wa udaktari waliyekaa nyumba moja ya wapangaji, ambaye angekufa vitani kwenye mlangobahari wa Dardanelles mwaka 1915. Shairi la Prufrock alilikamilisha Munich, kiangazi cha 1911. Alikuwa na miaka 22. Katika mahojiano ya mwaka 1962 alisema Prufrock alikuwa kwa sehemu mhusika wa kubuni mwenye umri wa kama miaka 40, na kwa sehemu yeye mwenyewe.

Kisha shairi likakaa kwenye daftari miaka minne, jambo la kiprufrock kweli.

Aiken ndiye aliyelibeba kwenda London mwaka 1914 na kulipeleka huku na huko. Harold Monro, mhariri na mwenye duka la vitabu vya mashairi, alilikataa, akiliona ni la kichaa. Septemba mwaka huo Eliot akakutana na Ezra Pound, Mmarekani mwenzake asiyejua kusitasita ni nini, na mambo yakabadilika. Pound alimwandikia Harriet Monroe, mhariri wa Poetry, akimwambia hajapata kuona shairi bora kuliko hilo kutoka kwa Mmarekani. Monroe hakuvutiwa. Alichelewesha miezi, na shaka yake kubwa ilikuwa mwisho wa shairi: alitaka mtu huyo asizame hivihivi. Pound alikataa katakata. Alimjibu kwamba hiyo ni taswira ya mtu anayeshindwa, na kulimaliza kwa shangwe ya ushindi kungekuwa ni sanaa ya uongo.

Mabishano hayo ya barua ndiyo mabishano yaleyale ya leo. Monroe alikuwa mhariri mwerevu na jasiri, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1912 kwa fedha za kuombaomba kwa matajiri wa Chicago. Mtu aliyeshika hatamu za maisha yake namna hiyo hakuona kwa nini mwingine asizishike. Alitaka kumsaidia Prufrock. Kila anayelisoma shairi hilo kama onyo anafanya kama yeye: anaandika mwisho mwingine kichwani, ambamo Prufrock anaamka, anavuta pumzi, anasema. Pound alielewa kwamba shairi likipata mwisho huo linakufa, kwa kuwa limekusudia kuonyesha hofu ilivyo ndani yake na halikukusudia kuiponya.

Ushahidi umo hata katika maneno ya Dante yaliyowekwa mlangoni mwa shairi, yaliyoachwa katika Kiitaliano chake. Anayesema ni Guido da Montefeltro, jemadari aliyeishia kuwa mtawa, ambaye Dante anamkuta motoni akiwa amefungwa ndani ya mwali. Guido anakubali kueleza habari zake kwa sababu moja tu: anaamini anayemsikiliza hawezi kurudi duniani kuzisimulia. Kwa hofu ya jina lake kuchafuka, anaungama kwa mtu anayemdhania ni maiti mwenzake. Kwa njia hiyo msomaji anajulishwa mapema kwamba atakayoyasikia kutoka kwa Prufrock hayakukusudiwa kusikika. Anaongea kwa uhuru kwa kuwa anadhani hakuna mtu.

Mwaka 1917 shairi liliongoza kijitabu cha Eliot cha kwanza, Prufrock and Other Observations, nakala 500 kwa bei ya shilingi moja, Pound akichangia gharama za kuchapa kwa siri. Kiliwekwa kwa heshima ya Verdenal. Mhakiki mmoja wa London aliandika kwamba mawazo hayo hayana umuhimu wowote kwa mtu yeyote, hata kwa Bwana Eliot mwenyewe. Nakala zilichukua miaka kadhaa kwisha. Wasomaji wa Kiswahili walioshuhudia vurugu za Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, pale mashairi yasiyo na vina wala mizani yalipoambiwa si mashairi, wataitambua harufu ya ubishi huo. Na wengi wao wamekwisha kukutana na Eliot bila kutambulishwa: riwaya ya Chinua Achebe inayojulikana kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena ilichukua jina lake la Kiingereza kutoka katika shairi jingine la Eliot, lile la safari ya mamajusi.

Sasa ndoa.

Mwaka 1913, huko Cambridge, Massachusetts, Eliot aliigiza katika michezo ya nyumbani kwa binamu yake pamoja na msichana aliyeitwa Emily Hale. Alimpenda. Mwaka 1914, akiwa anajiandaa kuondoka kwenda Ulaya, alimweleza. Hakuona dalili kwamba anapendwa pia, akapanda meli. Vita vikamkuta Ujerumani, akakimbilia Oxford, na majira ya kuchipua ya 1915 akakutana na Vivienne: mchangamfu, mcheza dansi hodari, mvuta sigara, kinyume cha kila sebule ya Boston. Mwishoni mwa Juni walikuwa mume na mke.

Miaka 45 baadaye, mwaka 1960, Eliot aliandika maelezo ya siri kuhusu mambo hayo na kuyahifadhi Harvard, yatolewe siku barua zake kwa Hale zitakapofunguliwa. Siku hiyo ilikuwa Januari 2020, Chuo Kikuu cha Princeton kilipofungua makasha yenye barua 1,131. Katika maelezo yale mzee anakiri kwamba kwa Vivienne alichotaka labda kilikuwa ni mchezo mwepesi wa mapenzi tu, lakini alikuwa na aibu mno na hakuwa na uzoefu wa kuupata kwake au kwa mwanamke mwingine yeyote. Alijiaminisha kwamba anampenda, anasema, kwa sababu alitaka kuchoma mashua zake na kujifunga abaki Uingereza. Ndoa hiyo haikumletea mke furaha yoyote, na yeye ilimletea hali ya moyo iliyozaa mashairi.

Aibu, basi, haikuondoka aliporuka. Ndiyo iliyomrusha. Hakuweza kukaa katika hali ya kutojua, ambayo ndiyo hali ya kila mtu anayemjua mwenzake kidogokidogo, kwa hiyo aliifuta kwa muhuri wa serikali. Wanaosema kinyume cha Prufrock ni mtu anayeamua wamepewa hapa mtu aliyeamua, na aliyelipia bei kubwa zaidi hakuwa yeye. Vivienne alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu wa ndoa hiyo, mwili na akili. Mwaka 1933 Eliot alipotaka kuachana naye alikuwa Marekani akitoa mihadhara. Hakumwambia uso kwa uso. Alimwandikia wakili wake wa London, habari zikamfikia mke kwa njia hiyo. Hatimaye mtu yule alikuwa amepata mshenga. Mwaka 1938 Vivienne aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia humo Januari 1947.

Hale, aliyekuwa akipokea barua tangu 1930, alitarajia kwamba sasa njia ni nyeupe. Eliot alimwambia hawezi. Nobeli ilikuja mwaka uliofuata, 1948. Barua ziliendelea, zikapungua, na zile ambazo Hale alimwandikia yeye, Eliot aliagiza zichomwe. Hale alizitunza zile alizopokea, akazikabidhi Princeton mwaka 1956 kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka miaka 50 ipite tangu kifo cha mmoja wao atakayekufa wa mwisho. Naye ndiye aliyekuwa wa mwisho, mwaka 1969.

Ingekuwa rahisi kuyachukua haya yote na kusema kwamba shairi lilitabiri. Halikutabiri. Lilitungwa kabla hajampenda Hale wala kumjua Vivienne, na mwaka 1911 hakuna aliyejua mashua zipi zitachomwa. Alichokuwa nacho kijana wa Munich kilikuwa ni kipimo sahihi cha hofu yake, sahihi kiasi kwamba hakikuhitaji kurekebishwa alipofika 30, wala 40, umri wa Prufrock mwenyewe. Wanafunzi wanaoandika ujumbe kwenye simu, wakaufuta, wakauandika tena, wakazima simu, wanastahili kupewa kipimo hicho kama kilivyo, bila kibandiko cha ‘thubutu’ juu yake. Baadhi yao wataona kwamba wanaogopa kutazamwa. Baadhi wataona kwamba hawajamtazama sawasawa yule wanayetaka kumwandikia. Wachache wataona kwamba wana haraka ya kutuma ili tu hofu iishe, na hao ndio ambao hotuba za kuhamasisha huwaumiza zaidi.

Eliot alioa tena. Ilikuwa tarehe 10 Januari 1957, saa 12 na robo asubuhi, giza la majira ya baridi bado limetanda London, katika kanisa la Mtakatifu Barnaba, Kensington. Bwana harusi alikuwa na miaka 68. Bibi harusi, Valerie Fletcher, alikuwa katibu muhtasi wake tangu 1949, na alikuwa na miaka 30. Saa hiyo ilichaguliwa ili waandishi wa habari wasitokee, na John Hayward, rafiki aliyeishi naye nyumba moja kwa takriban miaka 11, alikuwa amefichwa mpango huo hadi siku za mwisho. Walioshuhudia walikuwa wachache sana. Eliot alikuja kufahamu baadaye kwamba katika kanisa hilohilo, tarehe 31 Desemba 1886, aliwahi kufunga ndoa kijana mmoja wa Kifaransa mwenye kifua kibovu, Jules Laforgue.